Mlima Upande wa Kushoto

Jumapili, 11 Machi 2001
Daftari hili nililinunua la kuandikia redio za wateja. Siku hizi wateja wananunua redio mpya za plastiki badala ya kutengeneza za zamani, kwa hiyo kurasa zimekuwa nyingi kuliko kazi. Nitaandika mambo yangu.

Rafiki yangu Manpreet ameondoka leo asubuhi. Gereji ya malori ya baba yake imeuzwa, na familia nzima imekwenda Birmingham. Mimi ameniachia kompyuta yake na fimbo ya kurushia ndege za mchezo wa kompyuta, ile ile tuliyoshika tangu mwaka 1989. Wakati ule tulikuwa vijana, na kila Jumamosi mchana tulijifungia katika ofisi ya gereji tukaruka kwenye skrini juu ya mji wa Marekani ambao hatujaufikia mpaka leo. Mimi nilishika fimbo. Yeye alisoma kwa sauti urefu na mwendo, maana rubani anatakiwa kutazama nje. "Mia tano, Hafidhi. Mia nne. Mia tatu." Mwaka 1992 alikwenda masomoni, mimi nikafungua duka, nikaoa, na sikuruka tena. Miaka tisa.

Mchezo wenyewe sasa ni mwingine, una dunia nzima. Hata uwanja wetu wa ndege wa KIA umo. Tulipoagana kwenye basi aliniambia, "Utue KIA kabla masika hayajaisha, uniandikie. Ukitokea upande wa Arusha, mlima utauona kushoto. Mimi sitauona karibuni, uniangalizie wewe."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Jumatatu, 12 Machi
Mvua ya kwanza. Mlima umefunikwa.

Jumatano, 14 Machi
Nimeifunga kompyuta chumba cha nyuma cha duka, na baada ya alasiri nimeruka. Mikono haijasahau! Nilipoona lami inatanuka mbele yangu nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaacha njia, nikaishia kwenye majani upande wa kushoto. Si neno, miaka tisa ni mingi.

Jumapili, 18 Machi
Mara ya nne sasa, na kila mara majani ya kushoto. Fimbo imekula vumbi. Nimeifungua, nimesafisha, nimekaza waya uliokuwa umelegea. Wenye mchezo wao nao wamekuwa wachoyo, mlima hawakuuchora. Wamechora uwanja, barabara, mpaka mto, mlima wamesahau. Nimemwambia Elifuraha, fundi cherehani ninayechangia naye baraza. Akasema, "Wazungu wanapanda huu mlima kila siku, leo wausahau?" Elifuraha ni mtu wa Machame, mlima anauona kama mali ya babu yake.

Jumanne, 20 Machi
Nimepiga teke ndoo ya maji mlangoni, chumba kizima kimelowa. Mke wangu Mwanajuma ana tabia mpya ya kuhamisha vitu. Kikombe changu, viatu vyangu, kiti, kila siku mahali pengine. Nimemuuliza anatafuta nini katika nyumba hii. Alichukua tambara akaanza kukausha sakafu.

Jumapili, 25 Machi
Mwanajuma ameniletea chakula dukani, akasimama nyuma yangu nikiwa angani. Nikamwonyesha, tazama, hawakuuchora mlima. Akasema, "Mbona huo hapo?"

Nikageuza kichwa. Upo. Umekaa pembeni kushoto kwenye skrini, mkubwa, na theluji yake juu. Naapa haukuwapo dakika moja kabla. Nimemweleza kwamba kompyuta ya namna hii huchelewa kuchora vitu vya mbali, memori yake ni ndogo. Amenitazama kwa muda, akachukua sahani akaondoka. Mwanamke huyu siku hizi ananitazama kama anayepima kitambaa.

Alhamisi, 29 Machi
Nimeongeza memori. Majani ya kushoto.

Mteja karudisha redio, anasema nimeacha waya haujachomelewa. Nimeifungua mbele yake, kweli waya unaning'inia, upande wa kushoto wa bodi. Nimemwambia kuna mtu kaigusa baada yangu. Miaka kumi na moja ya ufundi sijawahi kurudishiwa kazi.

Jumapili, 1 Aprili
Nimebadilisha skrini, nimeazima ya shule moja ninayowatengenezea vyombo. Vile vile. Nimepandwa na hasira mpaka nikapiga meza.

Alhamisi, 5 Aprili
Mvua usiku na mchana. Barabara ya juu imekatika sehemu mbili. Nimekwenda intaneti, nimekuta barua ya Manpreet. "Vipi, umetua? Huku kijivu tupu." Nimemjibu kwamba nimetua vizuri na mlima ni mzuri sana.

Sijui kwa nini nimemdanganya. Nilitaka liwe jambo dogo, kama nilivyosema.

Jumanne, 10 Aprili
Nitaandika yote.

Asubuhi nilipeleka redio ya mteja Kibosho kwa pikipiki. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imeacha kidogo, na matope mekundu yamejaa njiani. Nilikuwa nateremka polepole, naapa polepole. Baada ya kona ya pale penye daraja dogo nikasikia kishindo, pikipiki ikalala, nikajikuta nimekaa kwenye matope. Nilidhani nimegonga nguzo. Kisha nikasikia mtu analia, "Yesu wangu, Yesu wangu."

Mama mzee, na mkungu wake wa ndizi umetawanyika chini. Mkono wake ulikuwa umekaa vibaya, mtu hahitaji udaktari kujua umevunjika. Nilimuinua. Nikamwuliza, "Mama, ulitokea wapi?"

Akasema, "Sikutoka popote. Nilikuwa nimesimama pembeni upite. Ulikuwa unaniangalia."

Nikamwambia, "Mama, sikukuona."

"Uliniangalia usoni, mwanangu. Ndiyo maana sikukimbia."

Watu walikuja, gari ikapatikana, akapelekwa hospitali. Anaitwa Mama Zita. Binti yake Flavia alitukuta huko, mwalimu, mwembamba, maneno makali. Alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Wewe una mbio za kwenda wapi? Barabara yote ile hukuiona mpaka umfuate mama yangu kwenye majani?"

Kwenye majani! Alisema hivyo hivyo. Nilimjibu kwa ukali kwamba mama yake aliingia barabarani ghafla. Polisi alipokuja na daftari lake nikarudia maneno hayo, naye akayaandika. Wakati naandikisha niliyaamini. Mtu anayetokea kusikokuwa na kitu ameingia ghafla, utasema nini kingine?

Mwanajuma amenipokea, ameniosha matope. Nilipomweleza alikaa chini sakafuni, akafunika uso. Nikamwambia, "Mimi sikuumia." Akasema, "Najua hukuumia."

Alhamisi, 12 Aprili
Polisi wamemaliza. Wameandika kwamba mzee aliingia barabarani. Flavia alikuwapo, alinikazia macho tu. Yule mwanamke simpendi hata kidogo.

Jumapili, 15 Aprili
Pasaka. Elifuraha amekwenda kwao Machame, baraza lote kimya. Mvua. Mlima haujaonekana mwezi mzima.

Jumanne, 17 Aprili
Nimemwaga chai. Kikombe kilikuwa kulia, nilikisogeza mwenyewe kushoto kwa ubishi.

Jumapili, 22 Aprili
Mwalimu wangu wa ufundi, Mungu amrehemu, alinifundisha jambo moja kabla ya kunipa bisibisi. Kifaa kikigoma usikisie. Badilisha kitu kimoja, jaribu. Kisipopona, badilisha kingine. Kitakachobaki bila kubadilishwa ndicho kibovu, hata kama kinang'aa.

Leo nilikaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha, nikaandika kwenye karatasi. Fimbo nimesafisha, kisha nimeazima nyingine. Memori nimeongeza. Skrini nimebadilisha. Kadi ya picha nimebadilisha. Mchezo wenyewe nimeufuta nikauingiza upya. Nikaangalia orodha ile kwa muda mrefu. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakijabadilishwa, nacho kilikuwa kimeshika kalamu.

Nikawasha. Nikaruka kutoka upande wa Arusha, nikaisimamisha ndege angani. Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja.

Skrini ilipotea. Si kwamba iliingia giza. Haikuwapo, kama kisivyokuwapo kitu kilicho nyuma ya mgongo wako. Kilibaki kipande kidogo cha ukungu pembeni. Nikafunika la kushoto, nikatazama lami kwa jicho la kulia. Lami ipo, mita za mwendo zipo, na upande wa kushoto, pale mlima unapotakiwa kukaa, hapana kitu. Nikageuza jicho, mlima ukaja. Nikalirudisha kwenye lami, mlima ukaondoka. Nilifanya hivyo labda mara ishirini. Kompyuta ilikuwa haichelewi kuchora chochote.

Nikakumbuka sauti ya Mama Zita. Ulikuwa unaniangalia.

Nimeogopa. Sijawahi kuogopa namna hii, hata nilipokuwa mtoto.

Jumatatu, 23 Aprili
Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 26 Aprili
Siku ya sikukuu, lakini daktari wa macho alikuwapo. Wamenikalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu kwenye kishikizo, mkononi nina kitufe. Taa ndogo ikiwaka, bonyeza. Ilikuwa kama mchezo. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha taa zikaacha kuwaka. Nikasubiri. Mwisho nikamwambia muuguzi kwa adabu, "Dada, mashine yenu imekufa. Mimi ni fundi, naweza kuiangalia."

Akasema, "Haijafa, kaka. Endelea tu."

Daktari alinionyesha karatasi. Mahali pasipoona pamepakwa weusi. Jicho la kushoto ni weusi karibu lote, la kulia weusi umeanza upande wa puani. Presha ya macho, alisema, imekuwa ikila taratibu kwa miaka bila maumivu. Nikamuuliza kilichokwenda kinarudi lini. Alivua miwani yake kabla ya kunijibu. Hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni maisha yangu yote, na pengine kilichobaki kitabaki. Pengine. Alilisema neno hilo mara mbili.

Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 27 Aprili
Nimemwambia Mwanajuma. Nilijitayarisha kwa kilio, hakulia. Alisema, "Alhamdulillahi, umekwenda mwenyewe."

Alikuwa anajua. Tangu Ramadhani anajua. Anasema nilikuwa nikinyoosha mkono kuchukua tende upande mmoja tu wa sahani, na zile za kushoto zinabaki zimejipanga. Nikafoka, "Ukanyamaza?"

"Nilikwambia mara tatu. Mara ya kwanza ukasema taa ni mbovu, ukabadilisha globu. Mara ya pili ukasema nimechoka. Mara ya tatu ulinikaripia mbele ya wageni. Nikaona basi, nihamishe vikombe."

Nikaitazama nyumba yetu. Kikombe kulia. Viatu kulia. Kiti changu kimesogezwa mpaka ukuta uwe kushoto, pasiwe na kitu cha kugonga. Miezi mitano alikuwa akipanga nyumba nzima upande ninaouona, na mimi nikawa namwandika humu kama mwanamke mwenye tabia mbaya. Nimesoma kurasa za nyuma nikaona aibu. Sikuzichana, zibaki zinisute.

Nimempa ufunguo wa pikipiki.

Jumamosi, 5 Mei
Nilimweleza Elifuraha habari ya Mama Zita, kwamba nimeandikisha uongo bila kujua ni uongo, na sasa najua. Mimi ni mtoto wa Majengo, wa mjini, mila za huko juu mlimani nazisikia tu. Akasema, "Usiende mikono mitupu, na usiende na unga na sukari kama wa harusini. Nenda na isale." Jana alikwenda kwao kukata jani moja refu la isale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya migomba. Anayeomba msamaha nalo hafukuzwi. Alinipa onyo moja: nilitoe mwenyewe, mkononi mwa niliyemkosea, na maneno yawe ya kweli, kwa sababu isale halibebi uongo.

Leo tulipanda naye kwenda huko juu kwa mvua nyembamba. Mama Zita alikuwa jikoni, mkono umefungwa plasta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kabla hajanijua. Aliponijua, na alipoona jani, aliweka mwiko chini. Nilipiga magoti kwenye vumbi la jikoni lake, nikamwambia, "Mama, ulisimama pembeni kama ulivyosema. Ulinitazama, mimi sikukuona. Jicho langu limekufa na nilikuwa sijui. Nimekusingizia polisi."

Akalipokea jani kwa mkono mzima. Kisha akasema, "Nilijiuliza sana, huyu kijana nimemkosea nini hata anifuate. Usiku nakuona unanitazama unakuja tu." Akapumua. "Kumbe hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia."

Sentensi hiyo imeniuma kuliko karatasi ya daktari.

Sauti ikatoka kushoto. "Na mimi unaniona?" Flavia alikuwa amekaa pale muda wote.

"Sikuoni. Nakusikia."

Flavia akauliza, "Kwa polisi utaandika upya?"

"Jumatatu."

"Watakunyang'anya leseni, pengine na kesi."

"Najua, mwalimu."

Akainuka, akazunguka, akaja kukaa kulia kwangu. Ana uso wa mtu aliyechoka kumuuguza mama yake, hakuna ukali wowote. Sijui ule ukali niliuona wapi. Akanimiminia chai, akaniwekea kikombe mkononi.

Jumatatu, 7 Mei
Polisi yule yule, daftari lile lile. Hakupenda kufuta. Leseni wameichukua, kesi nitaitwa. Nimetoka nikiwa mwepesi, na mwenye woga vile vile.

Jumapili, 13 Mei
Nimemwandikia Manpreet kwamba nilimdanganya, sikutua, na sababu. Amejibu kwa mstari mmoja. "Pale ofisini nani alikuwa anasoma mita? Mtafute mwingine wa kusoma."

Alhamisi, 17 Mei
Matone yanachoma. Mvua imepungua. Nimechomelea redio mbili, nikiigeuza bodi mara nne ili kila upande upite kulia. Inachukua muda mara mbili. Kazi hii sijui nitaifanya mpaka lini, na sioni kazi nyingine ninayoijua.

Jumapili, 20 Mei
Mwanajuma amekaa kushoto kwangu kwenye kiti cha wateja. Yeye hupika pilau za shughuli za watu mia tatu, macho yake kwenye vipimo hayana mchezo. Nilimwonyesha mita ya urefu, mita ya mwendo, na kingo za lami. Akauliza, "Basi? Kazi hiyo mliifanya watu wawili miaka mitatu?"

Tulitokea upande wa Arusha.

"Mlima upo?" nikamuuliza.

"Upo. Usigeuke, tazama mbele. Mia tano."

"Endelea."

"Mia nne. Unaingia kushoto, rudi kulia. Tena. Basi, hapo hapo. Mia tatu. Hafidhi, usikaze hivyo, utavunja fimbo ya watu."

Sikuona ukingo wa kushoto hata mara moja. Nilikuwa na sauti yake tu, ikishuka kama ya mtu anayehesabu vikombe vya mchele. Magurudumu yakagusa. Ndege ikaenda, ikaenda, ikapunguza, ikasimama. Nikamuuliza tuko wapi. Akasema, "Katikati ya mstari mweupe."

Nililia. Yeye aliangalia pembeni mpaka nilipomaliza. Nimemwandikia Manpreet: tumetua.

Jumatano, 23 Mei
Barua ya mahakama. Mwezi ujao.

Jumapili, 3 Juni
Asubuhi Mwanajuma ameniita kutoka barazani, "Njoo, umetoka!" Mji mzima ulikuwa nje. Baada ya masika marefu watu huusalimia mlima kama mgeni aliyepotea.

Nilikwenda nikasimama bila kugeuza kichwa. Nilitaka kujua itakavyokuwa siku lile "pengine" la daktari likishindwa. Mbele yangu palikuwa na duka la vitambaa, bendera, anga tupu. Watu walikuwa wakinyoosha vidole kwenye kitu ambacho hakipo. Nilisimama hivyo kadiri nilivyoweza, haikuwa muda mrefu.

"Unauona?" akauliza.

Zamani ningesema nauona. Nikamwambia, "Bado. Uko wapi?"

Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza uso polepole kuelekea kushoto. Nyumba zikapita, waya wa umeme ukapita, kisha mlima ukaja, mweupe mpaka mabegani. Nikamwambia basi, hapo hapo. Hakuondoa mkono.